Mafunzo Yaliyoishia kwa Shemeji

Kikundi chetu cha wakulima wa maembe huku Migwani kilimchagua shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, aende semina Kitui mjini. Mpango ulikuwa rahisi: kila kikundi kitume mtu mmoja, afundishwe, arudi afundishe wenzake. Waliuita mtandao wa maarifa. Jumapili kabla aondoke tulimwombea kanisani, mimi nikiwa mstari wa mbele, mikono juu.

Nilikuwa na sababu ya kuomba. Mahindi kwetu hukauka kabla ya kubeba, lakini miembe aliyoipanda mume wangu haikuwahi kuniangusha mpaka nzi wa matunda walipoingia. Hutaga mayai ndani ya embe. Nje linabaki zuri, ndani ni funza tupu. Mnunuzi anayepeleka maembe ng'ambo alituonya kwamba akikuta funza msimu ule, hatarudi tena kwenye kilima chetu.

Shemeji alirudi na fulana na cheti. Kwenye kundi letu la simu alituma picha zake akila kuku na kusalimiana na wakubwa. Kuhusu nzi, kimya. Kikao cha kutufundisha kiliahirishwa, mara ana mgonjwa, mara tungoje wakubwa waje kuzindua. Huku mitego inaning'inia kwenye miembe yake yote, na jioni namwona akiokota maembe yaliyoanguka na kuyazika. Mashamba yetu yametenganishwa na ua wa mkonge tu, basi nikasimama pale nikamuuliza anayazika kwa nini.

"Shemeji, hii maneno ni ya kitaalamu," akasema bila kuinua kichwa. "Ukifanya bila semina utaharibu."

Kuzika maembe, utaalamu! Nilijua anachotaka. Alitaka mnunuzi akifika akute yake peke yake ndiyo safi. Hilo liliniuma, na bado linaniuma, maana ni mume wangu aliyemlea mtu huyu. Nikaanza kuzika yangu pia, kwa kuiga tu. Sikujua kwamba shimo lazima liwe refu, la sivyo funza wanageuka nzi na kutoka. Aliniona nikifukia juu juu, akanyamaza.

Mnunuzi alipokuja alianzia kwake. Akapasua embe, akapasua lingine. Funza. Nzi hawajui ua wa mkonge. Wa kwangu na wa majirani walivuka kwenda kwake, wengi kuliko mitego yake. Lori likageuka bila kupakia hata embe moja, na kwangu halikufika.

Ndipo akaitisha kikao. Alifundisha vizuri sana, lazima niseme. Alieleza kina cha shimo, namna ya kutega, na kwamba somo la kwanza kabisa kule Kitui lilikuwa hili: msipofanya wote, ni kazi bure. Watu wakapiga makofi. Mimi nikainuka.

"Ungetuambia wakati ule, ungepungukiwa na nini?"

Akasema tusiangalie nyuma, tusonge mbele.

Tumesonga. Msimu huu kilima kizima kimezika na kutega, na maembe yangu ni safi kuliko yalivyokuwa mume wangu akiwa hai. Mnunuzi hapokei simu. Nayakatakata, nawapa mbuzi.