Pijama Iliyokatwa Miguu

Nakumbuka Jumamosi moja, Riziki wangu akiwa na miezi miwili na siku chache, nimekaa mlangoni pa nyumba tuliyokuwa tumepanga kule Kasenga, tukilia sote wawili. Yeye alilia kwa sababu nilikuwa nimembeba mgongoni. Mimi nililia kwa sababu Jumatatu ilikuwa inakuja.

Mwanangu, najua unacheka nikikuita hivyo. Nimekupita miaka minane tu. Lakini mtoto wa dada yangu ni mtoto wangu, ndivyo tulivyolelewa, na tangu uliponiambia kwamba nawe unangojea mtoto, ukanitumia picha za nguo unazotaka kumnunulia, nimezitazama picha zile mara nyingi. Ni nzuri sana. Ndiyo maana nakuandikia. Wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Wakati ule nilikuwa nimemaliza masomo, diploma yangu nimeitia ndani ya plastiki, na mwaka wa pili ulikuwa unapita bila kazi. Nilikuwa mtu wa kufikiri jambo moja mara kumi, halafu mara ya kumi na moja kujiuliza kama nimelifikiri vya kutosha. Nilipopata mimba nilifungua daftari, nikachora mistari, nikaanza kuandika habari za nguo za mtoto kama mwanafunzi anayejiandaa kutetea kazi yake mbele ya walimu. Kitambaa gani. Rangi gani. Ngapi za mchana, ngapi za usiku. Nilisoma kwenye simu mashauri ya akina mama wa nchi za mbali, na karibu wote walisifu kitu kimoja: pijama iliyoshonwa pamoja na soksi zake, ili miguu isipate baridi na soksi zisipotee. Nikaona ni akili. Soksi za watoto kweli hupotea.

Basi rafiki yangu aliyekuwa akivuka mpaka kila juma kwa biashara yake akaniletea sita kutoka Bujumbura. Tatu kati ya hizo zilikuwa na kofia imeshonwa nyuma ya shingo, na masikio ya sungura. Nilizifua, nikazipiga pasi, nikazipanga katika sanduku kwa kufuata rangi. Nakwambia ukweli, nilipofunga lile sanduku nilijiona mama tayari.

Mwezi wa kwanza mambo yalikuwa mazuri. Riziki alilala kitandani au mikononi mwa watu, na wageni walipokuja kumtazama walisema, "Eh! Mutoto anafanana na wa ku kalenda!" Mimi najifanya sisikii, kumbe nasikia vizuri sana.

Kisha kazi ikaja. Mradi mmoja wa maji ulikuwa unatafuta watu wa kupita nyumba kwa nyumba katika mitaa ya Kilibula, kuuliza kila familia inachota maji wapi. Msimamizi, mama mtu mzima, aliona mtoto mikononi mwangu akasema njoo naye mgongoni, hutakuwa wa kwanza. Lakini akaniambia bila kunificha: akilia kila nyumba, watu hawatakujibu, nami nitalazimika kuweka mtu mwingine mahali pako. Hakusema kwa ubaya. Kuanza ni Jumatatu.

Nikarudi nyumbani, nikachukua kikwembe cha kubebea mtoto, nikamfunga Riziki mgongoni. Akapiga kelele ambazo sikuwa nimewahi kuzisikia kwake. Nikamshusha, akanyamaza. Nikamfunga tena, akaanza tena. Siku tatu hivyo hivyo. Nilifikiri nyonga zimeteguka, nilifikiri tumbo, nilifikiri moyo. Simu ikanipa majina ya magonjwa ambayo sikuweza hata kuyatamka. Nikamkimbiza kwenye kituo cha afya. Muuguzi akaniambia nimvue nguo, akamweka kwenye mizani, akamgusa huku na huku, na Riziki akawa anamchekea. "Mutoto iko muzima," muuguzi akasema. Nikamvika nguo zake, nikamfunga mgongoni turudi nyumbani, akalia njia nzima.

Mume wangu ni motari, unamjua, mtu wa mzaha. Siku ile ya Jumamosi alikuja kula mchana, akaegesha pikipiki yake ya abiria, akatukuta katika hali ile.

"Mutoto wa motari anakataa kupanda!" akasema. "Wateja wakisikia, nimekwisha."

"Cheka tu. Jumatatu ni weye utaenda kuandika majina ya watu."

"Minye nitaenda. Sasa nani atamunyonyesha?"

Kabla sijamjibu, Koko Feza akaingia uani. Huyu ni bibi yake mume wangu, mzaa baba, na nyumba yake iko Kilibula. Katika maisha yake alikuwa amebeba watoto wanane mgongoni, na wajukuu ambao mwenyewe aliacha kuwahesabu, kutoka mashamba ya bonde la Ruzizi mpaka sokoni na kurudi. Alikuwa ametuletea ndagala, vile visamaki vya ziwa letu, zimefungwa katika gazeti. Akayaangalia machozi yangu.

"Nani amekufa hapa?"

"Hakuna, Koko. Mtoto anakataa mgongo."

"Mutoto hakatai mugongo," akasema, huku akiweka ndagala zake chini. "Mutoto anakataa kitu. Mubebe nione."

Nikamfunga. Riziki akaanza. Koko akanizunguka, akasimama nyuma yangu. Hakumtazama mtoto usoni kama nilivyokuwa nikifanya mimi siku zote tatu. Alipitisha mkono chini ya kikwembe, akashika mguu mmoja, akashika wa pili.

"Mushushe," akasema. "Sasa weye, ile suruali ya jinzi ulikuwa unavaa ku masomo, bado iko?"

"Iko, Koko. Ya nini?"

"Ivae."

Nilidhani uzee umemchukua. Lakini mkubwa akisema, unaacha maswali yako mlangoni. Nikaingia ndani, nikajikaza, nikazuia pumzi mpaka kifungo kikakubali, nikatoka nikitembea kama mtu mwenye miguu ya mbao. Uani palikuwa na beseni la nguo zilizolowekwa.

"Chuchumaa pale. Fua."

Nikaanza kuchuchumaa. Nilifika katikati.

"Koko, siwezi."

"Shuka."

"Koko, inanikata!"

Mume wangu alikuwa ameshaweka sahani chini, anacheka mpaka anashika ukuta. Koko hakucheka hata kidogo.

"Inakukata wapi?"

Nikatazama beseni. Ningemwambiaje bibi wa mume wangu inanikata wapi?

"Umesikia haya kusema," akasema. "Na mutoto, yeye hajui kusema. Ndiyo maana iko analia."

Halafu akamlaza Riziki juu ya mkeka, akanionyesha. Alinyoosha miguu yake: pijama ikakaa vizuri, kama kwenye picha. Akaikunja magoti na kuipanua, jinsi mtoto anavyokaa mgongoni: kitambaa kikavutika chote. Kilikuwa kinatafuta urefu na hakikuupata, maana chini kilikuwa kimeshonwa. Kikauchukua urefu ule kwenye vidole vya miguu, na kwenye mapaja. Akaivua. Vidole vya mwanangu vilikuwa vyekundu, vimejikunja kama vinaogopa. Kwenye kisogo palikuwa na alama ya ile kofia ya sungura, iliyokuwa inajikusanya chini ya kikwembe na kumsukuma shingo.

Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Mimi niliuliza simu, nikauliza rafiki, nikauliza daftari langu. Wale akina mama wa mbali hawakunidanganya. Watoto wao hushinda wamelala chali, na kwa mtoto aliyelala chali pijama ile haina kosa. Kosa lilikuwa langu. Nilichagua nguo bila kujiuliza mtoto wangu atashinda wapi, na jibu lilikuwa kiunoni mwangu: kikwembe, kama kile nilichobebewa mimi tangu nilipozaliwa.

"Leta makasi," Koko akasema.

"Koko, hiyo ilitoka Bujumbura!"

"Na miguu ya mutoto, ilitoka wapi?"

Akakata. Mguu wa kwanza, mguu wa pili, juu kidogo ya kifundo. Kisha ile kofia, pamoja na masikio yake. Niliviokota vipande kimoja kimoja, mwanangu, nikikumbuka jinsi nilivyopiga pasi.

Akamvika Riziki, akamweka mwenyewe mgongoni mwangu, akafunga kikwembe. Mtoto akaguna. Akalialia kidogo, kilio cha mtu anayekumbuka kilio. Kisha nikahisi mguu mmoja unanisukuma mbavuni, na vidole vyake vitano vikifunguka kimoja kimoja. Kimya. Nikataka kugeuka nimwone.

"Wache kumuangalia-angalia," Koko akasema. "Moyo yako ikikimbia, yeye anaisikia ku mugongo. Tembea."

Tukatembea mpaka barabara kubwa, Koko mbele, mimi nyuma, pikipiki zinatupigia honi kila upande. Tuliporudi, begani mwangu palikuwa pamelowa mate ya mtoto aliyelala.

Jumatatu nilikwenda kazini. Nakumbuka nyumba ya tatu au ya nne pale Kilibula, mama mmoja alinipa kiti, akamchungulia Riziki, akaniuliza, "Mutoto ni mupole hivi! Unamupa nini?"

Nikamjibu, "Nafasi."

Sasa nikuambie, na hapa naomba uweke simu yako pembeni.

Kabla hujachagua nguo, fikiri siku ya mtoto wako itakavyokuwa. Wewe unauza vitambaa sokoni; mwanao atashinda mgongoni, katika joto la ziwa letu, si katika kitanda chenye pazia. Ukishika nguo dukani au kwenye mitumba, ikunje miguu kama miguu ya chura. Ikivutika, irudishe, hata iwe na sungura kumi. Chukua iliyomzidi mtoto kidogo. Hukua upesi kuliko unavyodhani, na nguo pana haijaliza mtoto. Tafuta pamba nyepesi. Kifungo, zipu au fundo lisikae nyuma, kwa maana nyuma ndipo kikwembe kinapokaza. Majuma ya kwanza, kabla kitovu hakijapona, nguo inayofunguka mbele itakuokoa kupita nyingine zote, na ya chini isishonwe pamoja na ya juu, ili ukimbadilisha njiani usimvue mtoto mzima mbele za watu. Soksi nunua, lakini zinazovulika. Zitapotea. Ziache zipotee, miguu itabaki.

Na chochote ulichoanika nje, kipige pasi mpaka kwenye mishono, kwa ajili ya wale inzi wanaotaga mayai katika nguo mbichi, na mabuu yao huingia ngozini mwa mtoto. Hilo mimi nilijua, ndilo pekee nililolijua.

Moja ya kupendeza nunua, ya kanisani na ya picha. Sikukatazi furaha. Asiyekuwa na picha ya mtoto wake akiwa amevaa vizuri, atawaonyesha nini wageni?

Mtoto akilia, mguse kabla ya kutafuta jina la ugonjwa. Anza na miguu. Ukimwona hajatulia baada ya hapo, au ana joto la kukutisha, nenda kwa muuguzi bila kuona haya. Nami nilikwenda, na sijutii. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kulea kunaanza na kugusa.

Bado ninafikiri sana, usidhani nimepona. Barua hii nimeiandika mara tatu. Lakini habari ya nguo za mtoto sina shaka nayo hata kidogo.

Ndani ya bahasha utakuta ile pijama yenyewe. Riziki ameanza shule mwaka huu, na wadogo zake wawili wameivaa mpaka kitambaa kimelainika kama jani changa la mgomba. Mvike wako. Miguu miwili iliyokatwa ya pijama hiyo ninabaki nayo mimi, ndani ya plastiki moja na diploma.

Mungu akufungulie salama, mwanangu. Akupe mgongo mpana na usingizi, akupe mikono inayosikia. Mtoto wako alale juu yako bila kilio, na siku atakaposhuka kutembea, akanyage vizuri kwa vidole vyake vyote kumi.