Chupa ya Mzee wa Raketi

Bu! Mlango wa nyuma wa gari ulifungwa mara moja tu, kwa mlio mzito wa kitu kilichokaa mahali pake, na Mzee Nasri aliusikia akiwa chumbani bila kuusikiliza. Baadaye, njia nzima ya kwenda Nzega, mlio ule ulikuwa ukimrudia kichwani, bu, bu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Asubuhi ile masikio yake hayakuwa na nafasi. Mikononi alishika raketi ya tenisi ya marehemu Tajdin, ya mbao tupu, shingo yake imezungushiwa uzi mwekundu uliofifia, na alikuwa akiigeuza polepole kwenye mwanga kama mtu anayemtazama mtoto mchanga wa nduguye, akitafuta amefanana na nani.

Mzee Nasri ni fundi seremala wa Gongoni, mjini Tabora. Vitanda vya maharusi wengi wa mji huu vimetoka mikononi mwake. Tenisi hajacheza hata siku moja. Raketi zilimwingia moyoni kwa njia ya mbao. Zamani, Tajdin, muuza vitambaa ambaye wazee wake walifika huku wakiifuata njia ya misafara, alimletea raketi iliyovunjika aigundishe. Nasri alikuwa kijana bado. Akaona jinsi vipande vyembamba vya mbao vilivyobandikwa kimoja juu ya kingine, vikapindwa duara mpaka vikakutana shingoni, pasipo ufa. Usiku ule hakulala. Mbao gani hii inayokubali kupindwa hivi bila kulia?

Tangu hapo akawa mtu wa kuziulizia. Aliziomba kwa mapadri wa Kipalapala, alizinunua kwa wastaafu wa reli, alizifukua kwenye stoo za maduka yaliyofungwa. Sasa zimejaa ukuta mzima wa chumba cha uani, kila moja imebanwa ndani ya fremu yenye skrubu kwenye pembe, isije ikajikunja masika. Majirani humwita Mzee wa Raketi. Mkewe, Mwanne, huziita vichujio.

"Siku mji mzima ukija kunywa chai hapa," husema, "ndipo zitapata kazi."

Adui wa raketi hizo ni dumuzi, yule mdudu anayejulikana na kila mwenye ghala la mahindi huku. Dumuzi hachagui. Akishiba mahindi hutoboa mbao, na asubuhi unakuta unga laini umemwagika chini ya ukuta, moyo ukakukatika. Kwa hiyo Nasri alijitengenezea dawa. Alichukua mafuta ya mbao, mazito, ya rangi ya kahawia inayong'aa, akayachanganya na sumu ya kupulizia pamba aliyopewa na mkulima mmoja. Dumuzi wakakoma. Na dawa hiyo akaitia kwenye chupa iliyokuwa karibu, chupa ya juisi yenye kifuniko cha njano.

Hapo ndipo lilipokuwa kosa, ila kosa lenyewe lilikaa kimya zaidi ya mwaka. Kwa maana Tabora chupa ya juisi ikiisha juisi huwa ya asali. Mwanne ana kaka yake Sikonge mwenye mizinga, na kila msimu huwaletea asali kwenye chupa za namna ile ile, kifuniko ni kile kile cha njano. Na mgeni haondoki Tabora mikono mitupu. Hata akiwa mgeni wa nusu saa, ataondoka na asali.

Nargis, binti wa Tajdin, alikuja kutoka Dar es Salaam kufunga nyumba ya baba yake. Alipita Gongoni na gari la kukodi, mafua yamemziba pua, amemshika mkono bintiye Shirin, mtoto wa miaka minne aliyekuwa akikohoa kikohozi kikavu.

"Shikamoo Mzee Nasri."

"Marahaba, mwanangu. Poleni sana."

"Tumeshapoa. Baba aliniambia hii nisimpe mtu mwingine." Akamkabidhi raketi. "Alisema wewe peke yako ndiye usiyeuliza bei kwanza."

Nasri alichanganyikiwa kwa furaha. Alikimbilia chumbani, na kwa kuwa dawa ikipata jua huwa nyepesi, akaichukua chupa yake na kuiweka dirishani sebuleni, jua linapopiga. Kisha akarudi kwenye raketi. Mlango wa gari ukafungwa, bu, na gari likaondoka kuelekea Nzega, kwa baba mdogo wake Nargis, ambako wangepumzika kabla ya safari ndefu ya kesho.

Jua lilikuwa limeshapanda alipotoka na kitambaa chake begani. Dirishani hapakuwa na kitu.

"Mama Ummy, chupa yangu ya hapa iko wapi?"

"Chupa gani yako?" Mwanne alikuwa akichambua mchele. "Asali ya kaka yangu leo imekuwa yako? Nimempa mgeni. Mtoto anakohoa vile, wewe huoni, macho yako kwenye vichujio tu. Nimemwambia wakifika Nzega ampe kijiko, na ndimu, na jioni tena."

Nasri alikwenda jikoni, akafungua kabati. Chupa ya asali ilikuwa pale, imejaa, kifuniko cha njano kimefungwa.

"Baba Ummy? Mbona umekuwa hivyo?"

"Ile siyo asali," alisema. "Ile ni ya dumuzi."

Ungo ukamponyoka Mwanne, mchele ukatapakaa sakafuni.

Walimpigia Nargis simu. Sauti ya mwanamke yule asiyejulikana na mtu iliwaambia kwa adabu kwamba namba haipatikani. Wakapiga tena. Adabu ile ile. Namba ya baba mdogo hawakuwa nayo. Walichojua ni kwamba anaitwa Naushad, na ana duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi ya Nzega.

"Nenda," Mwanne alisema. Alikuwa ameshika simu kwa mikono yote miwili. "Nenda, mimi nitapiga. Nitapiga mpaka vidole vikatike."

Barabarani Octavian, kijana wa mtaani, alikuwa akimalizia kupakia kreti za soda kwenye kirikuu yake, kigari kile kidogo cha mizigo. Nasri alifungua mlango wa mbele akaingia bila kuuliza.

"Heh! Mzee wa Raketi! Unahamia wapi?"

"Nzega. Washa gari."

"Nakwenda Nzega, ndiyo, lakini naona umevaa kandambili mguu mmoja na kiatu mguu mwingine. Bibi amekufukuza, au kuna mke mdogo kule amejifungua?"

Nasri alitazama miguu yake. Kweli. "Octavian," alisema, "washa gari."

Kijana akamtazama vizuri, akawasha.

Waliuacha mji. Kirikuu ilikuwa ikiunguruma kama inayolalamika, na huko nyuma chupa za soda zikagongana, kili kili kili, chupa juu ya chupa, mpaka Nasri akatamani kuziba masikio. Miombo ilikuwa imekauka pande zote mbili, majani ya rangi ya kutu yakining'inia bila upepo. Alijaribu kuwaza kama fundi. Wametangulia kwa muda gani? Nargis hakuwa na haraka. Labda wamesimama kununua karanga. Labda ndimu imekosekana. Kisha akamwona Shirin akifumbua kinywa, meno ya maziwa, na kijiko kikiingia, na akashikilia dashibodi.

Walipoipita Isikizya Octavian alishindwa kuvumilia. "Mzee, niambie basi. Nikijua nitakimbia vizuri."

Akamwambia. Maneno yalikuwa machache kuliko alivyodhani. Mguu wa Octavian ulishuka kwenye mafuta, na kirikuu ikaanza kutetemeka mwili mzima.

"Na harufu?" aliuliza baada ya muda. "Dawa ya pamba inanuka, Mzee. Si atainusa?"

"Ana mafua."

"Basi ataionja kwanza yeye. Mama huonja kwanza."

Alisema hivyo ili kumtuliza. Nasri alikuwa hajafikiria hilo. Sasa walikuwa wawili ndani ya kichwa chake, mama na mtoto.

Simu ikalia. Mwanne. "Haipatikani bado," alisema, sauti imekauka. "Mmefika wapi?"

"Bado."

Mbele yao ng'ombe walikuwa wakivuka. Kundi kubwa la wafugaji, likiivuka lami kwa mwendo wa ng'ombe, pembe kwa pembe, vumbi likiwa juu yao kama moshi. Octavian alipiga honi. Ng'ombe mmoja alisimama katikati akawatazama.

"Swaga hao ng'ombe, bwana! Tuna mgonjwa!" Octavian alimpigia kelele mchungaji.

"Mgonjwa yuko wapi?" mchungaji aliuliza, akichungulia ndani. Alimwona Nasri, uso wake ulivyokuwa, akaanza kuwachapa ng'ombe bila kuuliza tena.

Wakati wakisubiri, Nasri aliapa. Mwenyezi Mungu, mtoto yule akisalimika, nitazichoma zote. Nitazipanga uani, fremu na skrubu zake, nitawasha kiberiti kwa mkono wangu. Aliapa midomo ikicheza. Na papo hapo akahisi, chini kabisa ya kiapo, kitu kidogo kikiuliza: hata ile yenye uzi mwekundu? Hofu mpya ikamshika, kubwa kuliko ya kwanza. Mtu anayeweza kuwaza raketi saa hii, dua yake itapita mlango gani?

Njia ikafunguka.

Duka la Naushad halikuwa gumu kulipata. Mabati yalipangwa hadi barabarani. Nasri alishuka kabla gari halijasimama, kandambili ikabaki kwenye lami. Alipita kati ya misumari na ndoo za rangi, mtu mmoja mnene nyuma ya kaunta akasema, "Karibu, Mzee, karibu, unatafuta nini?" naye hakusimama. Alipita mlango wa nyuma akaingia nyumbani kwa watu bila hodi, jambo ambalo hajalifanya maishani mwake.

Nargis alikuwa ameketi mezani, simu yake imechomekwa ukutani kwenye chaji. Mbele yake ilikuwa chupa ya kifuniko cha njano, na kifuniko kimewekwa kando. Ndimu iliyokatwa. Sahani ndogo ya chai, na juu yake kijiko, kimejaa, kinang'aa.

Kwenye kochi Shirin alikuwa amelala, mkono mmoja unaning'inia.

"Mzee Nasri?" Nargis aliinuka. "Vipi tena? Tumesahau nini?"

"Amekula?"

"Amekula nini?"

"Hiyo. Amekula?"

"Asali? Nilimmiminia, nikageuka kuchomeka simu, nakuta ameshalala. Nikasema akiamka..." Yule mtu mnene, Naushad, alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake Octavian akihema.

"Siyo asali," Nasri alisema. "Ni sumu. Ya wadudu wa mbao. Yangu. Wewe je, umeonja?"

Nargis alitikisa kichwa. Mikono yake ilikwenda mdomoni. Naushad alikisogeza kijiko kwa ncha ya kidole. Nzi mmoja alikuwa amelala ndani yake, miguu juu.

"Uligeuka kwa muda gani?" Naushad aliuliza. "Nargis! Asije akawa amelamba mwenyewe halafu ndiyo akalala."

"Sijui. Sijui, baba mdogo."

Alijitupa kando ya kochi, akaleta uso karibu na kinywa cha mwanawe, akavuta pumzi, akavuta tena, na pua yake iliyoziba haikumpa kitu. Alimgeukia Nasri, machozi yakimshuka. "Sisikii harufu yoyote. Wewe unaijua. Nusa wewe."

Nasri alipiga magoti. Magoti yaligonga sakafu na hakuyasikia. Harufu ile aliijua kuliko mtu yeyote. Ilikuwa kwenye kucha zake, hivyo akaificha mikono nyuma ya mgongo, akainama mpaka ndevu zake zikakaribia shavu la mtoto. Akavuta pumzi kidogo kidogo, kama anayeogopa kuipata. Biskuti. Kamasi. Joto la usingizi. Akavuta tena, kwa muda mrefu. Biskuti tu.

Shirin alikohoa, kikohozi kile kikavu, kikampiga Nasri usoni. Kisha akafumbua macho nusu, akamwona mzee asiyemjua amepiga magoti juu yake, midomo ikaanza kukunjika.

"Ni babu tu," Nasri alinong'ona, kwa sauti ambayo waliosimama mlangoni hawakuisikia. "Lala, mama. Lala."