Renault ya Baleni inayokunywa dizeli na mafuta ya nazi

Ni alfajiri katika kijiji cha Baleni, kisiwani. Baridi ya Julai imeyagandisha mafuta ya nazi ndani ya chupa, meupe kama samli, na Sadick Abubakari anaitikisa chupa hiyo huku amekunja uso.

Anaiweka chini. Anainama ndani ya boneti ya Renault ndogo ya rangi ya maziwa, anakaza nati, anazunguka upande wa pili, kisha anarudi kwenye nati ile ile. Chai aliyoletewa na mkewe, Warda, imepoa juu ya tairi kuukuu.

"Tangu anioe sijamwona akimaliza kikombe cha chai akiwa amekaa," anasema Warda. "Lakini tangu aanze na hili gari, hata usingizi anaulala kwa mafungu."

Sadick, mwenye umri wa miaka 43, ni fundi wa injini za boti. Riziki yake iko Ghuba ya Chole, anakotengeneza boti za hoteli na za wavuvi, na mwezi ukiwa mzuri hubakiwa na kama laki tatu. Gari alilirithi kwa marehemu baba yake, aliyelinunua kwa bwana shamba mmoja aliyekuwa akihamishiwa bara.

Ni gari jepesi. Bati lake jembamba, na likizama mchangani wanaume wanne hulinyanyua. Kwa miaka mingi, likiwa na injini yake ya petroli, lilibeba maharusi, viroba vya mihogo na wagonjwa wa kijiji.

Kisha ukaja mwaka juzi. Mdogo wake Sadick, Chiku, alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Bahari ilikuwa imechafuka, chombo kinacholeta petroli kutoka bara kilikuwa hakijavuka, na tangi la Renault lilikuwa kavu. Sadick aligonga kwa kila mwenye pikipiki. Wote walikuwa kama yeye.

Ikabidi Chiku abebwe juu ya kitanda cha kamba, wanaume wakipokezana, hadi walipokutana na lori lililowafikisha hospitali Kilindoni. Yeye alipona. Mtoto, wa kiume, hakupona.

"Dizeli ya boti ilikuwa imejaa pipa zima uani kwangu," anasema Sadick, akiigeuzageuza spana mkononi. "Gari lipo, mafuta yapo, mdogo wangu yuko chini analia. Ila mafuta yale hayakuwa ya gari lile."

Nyumbani hakuna aliyemlaumu. Lakini mtoto alipokwisha kuzikwa, Sadick aliing'oa injini ya petroli kwa mikono yake na kuitupa nyuma ya banda la kuku. Majirani walidhani akili imemruka.

Aliyoiweka badala yake ni injini ya dizeli ya silinda tatu, ndogo, iliyokuwa ikizalisha umeme kwenye hoteli moja ya wageni kabla hoteli hiyo haijahamia kwenye sola. Injini na giaboksi ya Renault vilikuwa havijuani. Tundu za bolti hazikulingana hata moja. Alikata bamba la chuma, akalitoboa upya na kulifanya kiungo kati ya viwili hivyo. Mara ya kwanza lilikaa upande kidogo tu, klachi ikaungua.

Alipolinyoosha, pua ya gari ikainama, kwa kuwa injini ya dizeli ni nzito kuliko ile ya zamani. Akaimarisha springi za mbele. Hapo ukaanza mtetemo, vioo vikawa vinalia kama vikombe kwenye sinia.

Wazo la nazi lilitoka kwa Warda, ambaye hukamua mafuta ya kuuza. Dizeli nayo huletwa kwa chombo kama petroli, na siku yoyote inaweza kukosekana. "Kutwa mafuta, mafuta," anakumbuka. "Nikamwambia, baba Taufiki, mbona tumezungukwa na mafuta? Tazama juu ya minazi."

Sasa gari lina matangi mawili. Huwashwa kwa dizeli, na maji ya moto ya injini hupitishwa kwenye bomba ndani ya tangi la pili ili kuyayeyusha mafuta ya nazi. Yakishapata moto, Sadick hugeuza koki. Anakiri kwamba mafuta ya nazi ni ghali kuliko dizeli. Anayotumia ni yale yaliyochacha, yasiyofaa kupikia, na ni akiba ya siku za shida tu.

Mtu aliyemkalia kooni ni Clotilda, muuguzi wa zahanati, mwenyeji wa Bukoba aliyehamia kisiwani miaka saba iliyopita. Alikataza mgonjwa yeyote kupandishwa humo kabla yeye hajapanda. Alilala kwenye godoro nyuma ya gari, kama mama anayepelekwa kujifungua, wakaondoka kwenda Kilindoni.

Hawakufika. Katikati ya njia chuma kinachoishikilia injini kilikatika, injini ikalala ubavu. Walirudi kwa miguu.

"Nilimwambia, fundi, ningekuwa mama mwenye uchungu leo ungeniua," anasema Clotilda. "Kesho yake nilipopita nikamkuta yuko chini ya gari, na jioni yuko chini ya gari."

Sadick alichomelea chuma kingine kinene zaidi na kukikalisha juu ya mipira aliyoichonga kutoka kwenye tairi la lori. Clotilda alilala tena kwenye godoro, safari baada ya safari, hadi aliporidhika. Safari moja ilikuwa ya mafuta ya nazi tangu walipogeuza koki hadi Kilindoni, gari zima likinuka maandazi.

Aliyebaki kushawishika ni Chiku mwenyewe. Ana ujauzito tena, umefika mwezi wa tisa, na Clotilda amemshauri akasubirie kwa shangazi yake Kilindoni, karibu na hospitali. Jana alimtumia kaka yake salamu kwamba huenda akapanda pikipiki. Leo Sadick aliamka tu, akaanza kukaza nati.

Jua linapochomoza, Chiku anaingia uani na mama yao, Bi Umi, aliyebeba kapu la nguo. Sadick anamwamkia mama yake shikamoo huku macho yakiwa kwa mdogo wake.

"Kaka, mwili wangu bado unaikumbuka ile njia," Chiku anamwambia. Anaiangalia Renault kwa muda, kisha anafungua mlango wa mbele badala ya kwenda kwenye godoro. "Sijashikwa na uchungu bado. Nitakaa mbele niione."

Injini inakohoa, inatoa moshi mweusi, inatulia. Njia nzima sikio la Sadick liko kwenye boneti, mkono wake kwenye gia, na kila shimo analiona kabla hawajalifikia. Chiku ameshikilia ukingo wa kiti. Wanapoliona soko la Kilindoni, anauachia.

Shangazi anawapokea mlangoni. Sadick anashusha kapu, anafungua boneti, anagusa kila bolti. Zote zimekaza. Anaulizwa kama sasa atapumzika.

"Bado," anasema. "Mungu akijalia, nitakuja kuchukua watu wawili hapa. Siku hiyo nitaendesha polepole."