Nilivyompeleka Nathalie Kambove Kutafuta Kazi

Dada yangu hupiga simu akiwa na shida au akiwa na sherehe, na safari hii sikujua ni ipi. Binti yake Nathalie, mhandisi wa madini aliyesomea chuo kikuu cha Kasapa, alikuwa ameitwa kwenye usaili na kampuni ya wageni huko Kambove. "Yaya, weye njo mujomba," alisema, akiniita kaka mkubwa kwa Kiswahili cha kwetu. "Bila weye kumubariki, ataenda namna gani?" Kwetu Katanga, huko Kongo, binti haendi kwenye jambo zito bila kaka wa mama yake. Mimi nilihamia Tunduma kwa biashara, lakini ujomba hauhami. Nikafunga mzigo.

Kasumbalesa, mpakani, nilichoka kabla sijaingia nchini kwetu. Malori ya shaba yalikuwa yakitoka, foleni haina mwisho, nasi abiria tukala vumbi lao.

Lubumbashi niliingia jioni. Kutoka katikati ya mji hadi kwa dada unavuka ule uwazi walioutenga Wabelgiji ili weusi walale mbali nao. Siku hizi umejaa maduka na vibanda, lakini ukishauvuka tu, lami inakwisha na umeme unaanza kusuasua. Wenyewe waliondoka zamani, mpaka wao tumewatunzia.

Asubuhi nilimpaka Nathalie pemba, udongo mweupe wa baraka, kwenye paji la uso. Nikamwombea kwa mababu na kwa Bikira Maria pia, maana sisi ni Wakatoliki na hatutaki kumwudhi yeyote. Tukapanda gari kupitia Likasi.

Kambove, langoni pa mgodi, mlinzi mweusi kama sisi alipekua mkoba wa Nathalie mpaka kwenye mshono. Kisha akaiona pemba. "Mama, futa ile. Bazungu habapendake mambo ya fetishi." Kwake baraka yetu ilikuwa uchawi.

Nyuma yetu likafika gari lenye kijana wa Kizungu. Mlinzi akakimbia kufungua. "Bonjour, patron!" Hakumwuliza hata jina.

"Na yule, juu ya nini haumuulize?" nilifoka.

"Papa, yule ni muzungu," alinijibu kwa upole, kama anayemweleza mtoto.

Nilitamani kumzaba kibao. Nathalie alinishika mkono, akavaa kofia ngumu ya wageni juu ya pemba yake, akaingia.

Mchana alitoka, akaketi kando yangu, akanieleza. Kumbe yule kijana naye alikuja kwenye usaili uleule. Amemaliza chuo juzijuzi, na Nathalie ana miaka sita machimboni. Kazi amepewa kijana, Nathalie awe msaidizi wake.

"Juu ya nini?" nilimwuliza.

"Mujomba, unaniuliza miye?"

Njia nzima ya kurudi nilitukana. Niliwatukana Wabelgiji, kampuni, mlinzi, hata barabara. Dereva akaongeza sauti ya redio.

Nyumbani tulikuta dada amechinja kuku na majirani wanaimba. Nathalie akawaeleza. "Musaidizi ni kazi, mwanangu," dada alisema. "Babu yako alikuwa chini ya muzungu, baba yako pia. Tulikula."

"Sasa mulinisomesha juu ya nini?"

Bukari, ugali wetu, ukapoa mezani. Dada akanigeukia, maana neno ni la mjomba. Nikasema akatae, kwa sauti kubwa, ili majirani wasikie.

"Weye unarudia Tunduma kesho," dada alijibu. "Njaa itabakia na sisi."

Nilidhani hasira yangu ni msaada. Nimejifunza kwamba hasira ya mtu mwenye tiketi ya kurudi ni rahisi mno.

Kesho yake, kituoni, Nathalie alinipandishia begi garini, akasimama dirishani.

"Mujomba, minaitika ile kazi. Lundi naanza," alisema, yaani Jumatatu.

Nikafungua mdomo.

"Hapana," alisema. "Usinipe pongezi."