Nilimsema Direkteri Mbele ya Viziwi

Mimi nafundisha watoto viziwi hapa Bukavu, na sioni haya kusema kwamba kazi hii inachosha. Juma lililopita, kwenye mkutano wa walimu, direkteri wetu alituambia sisi walimu wanawake: "Bamaman, munachokaka juu roho zenu ziko nyepesi. Muangalie Papa Désiré. Ye iko mwanaume, hachokake!"

Papa Désiré aliinamisha kichwa. Asubuhi ile ile nilikuwa nimemkuta nyuma ya darasa lake, analia peke yake.

Mkutano ulipoisha, niliingia darasani nikiwaka hasira. Nikajiambia, hapa hakuna anayesikia, Furaha, mwaga yote. Nikageukia ubao, nikawa naandika hesabu huku nasema kwa sauti: "Roho nyepesi iko yako, wee direkteri! Mutoto akianguka kifafa, unakimbiaka kujifungia ku biro yako! Kuja ushinde hapa siku moja, utaita mama yako!"

Watoto wakagonga meza. Nilipogeuka, walikuwa wanacheka na kunionyesha mlango. Nikadhani wanataka kwenda kucheza. Nikawaashiria kwa mikono: bado. Nikarudi ubaoni, safari hii nikiiga na mwendo wa direkteri, tumbo mbele. Viziwi wote walikuwa wameelewa. Mwenye masikio ndiye alikuwa hana habari.

Ndipo sauti ya mwanamke ikauliza nyuma yangu: "Maman, huyo direkteri, ndiye huyu?"

Mkaguzi wa shule alikuwa amesimama mlangoni, na direkteri pembeni yake, jasho likimtoka. Chaki sikuiangusha.

"Ndiye, maman," nikamjibu. "Na sijamaliza."