Friza ya Lojingi na Kuku wa Muthara

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kuku hata mmoja. Niliripoti Embu, kwenye ofisi ya kampuni ya dawa za mifugo iliyoniajiri, nimevaa koti jeupe lililopigwa pasi na mama yangu, nikitarajia kukabidhiwa sindano. Bosi wangu wa kwanza, Afisa wa Kanda, mzee mfupi aliyepungukiwa na nywele lakini si maneno, aliniangalia akaniuliza kama najua kulala. Nilidhani ananitania. Badala yake alinipakia garini hadi Runyenjes, akaniingiza lojingi moja baada ya nyingine, na kila tulipoingia aliomba aonyeshwe jikoni kabla ya chumba.

“Kuchanja utajifunza haraka,” aliniambia tukirudi. “Mahali pa kulaza dawa, hiyo utajifunza mpaka ustaafu.”

Niliona mzee ana mambo yake. Sasa nimestaafu, na ninyi mnaoanza kazi za barabarani mnaniuliza lojingi gani nzuri kati ya Embu na Meru. Jibu langu ni refu kidogo, kwa hiyo vuteni viti.

Kazi yetu ilikuwa chanjo za kuku, hasa ya kideri, ugonjwa ule unaomaliza kuku wa boma zima huku mwenyewe akitazama tu. Chanjo ya kideri ni unga mkavu ndani ya kichupa. Unachanganywa na maji yake maalumu, kisha kila kuku anadondoshewa tone moja jichoni. Ni kazi rahisi mno. Ugumu wake ni kwamba dawa ile haitakiwi kuonja joto tangu kiwandani hadi jichoni mwa kuku. Mchana inakaa katika kisanduku chenye vipande vya barafu. Usiku vile vipande vinataka friza ili vigande upya, na vichupa vinataka friji. Mimi naweza kulala popote penye kitanda. Dawa haiwezi.

Kwetu hoteli ni pa kula, na pa kulala ni lojingi. Ziko za kila namna: kuna za mtu mmoja na vyumba vyake vichache nyuma ya duka, na kuna zile za mwenye mmoja aliyejenga mji baada ya mji, kibao kile kile, rangi ile ile. Hizi za pili ndizo msafiri wa gari huzipenda, kwa sababu ukishaizoea ya Embu huna haja ya kuanza kuulizia ya Meru. Unajua sabuni utakayopewa, na unajua lango linafungwa namna gani. Kwa mwanamke hilo si jambo dogo. Miaka ile mwanamke akifika lojingi peke yake na mkoba, wa kaunta alimuuliza anamngoja nani. Mimi nilijibu nawangoja kuku, na maswali yakaisha hapo.

Lakini Afisa wa Kanda alinionya kuhusu vibao. Alisema usimpime mwenye lojingi kwa nyumba yake kubwa, kwa kuwa hiyo anaifagia yeye mwenyewe. Nenda kalale kwanza katika ile ndogo kabisa, ile ambayo hajaikanyaga tangu aifungue, ndipo utajua kama ana utaratibu au ana rangi tu. Kitasa kinashika? Anayeshika funguo ni nani, na akienda nyumbani anamwachia nani? Nimewapa ushauri huo watu wengi, na hakuna aliyerudi kunilaumu.

Kutoka Embu nilihamishiwa Meru, chini ya Msimamizi wa Stoo, mama mkali ambaye hata salamu alizitoa kwa kipimo. Yeye ndiye aliyenifundisha kichupa. Unatia maji nusu katika kichupa kidogo, unakigandisha kikiwa kimesimama, kisha unakwenda nacho safarini na kukilaza kwa ubavu ndani ya friza ya lojingi. Asubuhi unakitazama. Barafu ikiwa bado imeketi kwenye kitako cha kichupa kama ulivyoigandisha, friza imekesha na wewe. Ikiwa imehamia ubavuni, basi ilizimwa, barafu ikayeyuka, halafu ikaganda tena. “Watu watakuambia ilikuwa imewashwa,” alisema. “Maji hayana adabu ya kudanganya.”

Kwa njia hiyo tulichagua lojingi tulizoziita Milango ya Kijani. Zilikuwa na nyumba Embu, Runyenjes na Meru, pale Majengo karibu na msikiti. Magodoro yalikuwa membamba, na maji ya moto uliletewa kwa ndoo. Ile ya Majengo ilisimamiwa na Bi Zainabu, shemeji wa mwenye mali, mwanamke mpole wa sauti na mgumu wa uamuzi. Wachinjaji wa jirani walihifadhi nyama katika friza yake, na mchinjaji hana mzaha na nyama. Swichi ya friza ile ilikuwa ndani ya chumba chake mwenyewe, naye alilala na ufunguo. Barafu yangu haikuwahi kuhamia ubavuni kwa Bi Zainabu.

Miaka ilipita, mabosi wakabadilika. Meneja wa Tawi aliyekuja mwishoni mwa utumishi wangu alikuwa kijana msomi, mwenye heshima, na wala hakuwa mjinga. Yeye ndiye aliyetuhamishia lojingi mpya za vioo zilizokuwa zimefunguliwa Embu, Meru na njia ya kwenda mji wa Maua. Zilikuwa na bafu la maji ya moto, runinga ukutani, kiamsha kinywa mezani, na maegesho yenye mlinzi. “Mama, wewe na hiyo godoro ya Majengo hamtoshani tena,” aliniambia. “Lala pazuri, umefanya kazi.” Nilikubali bila ubishi. Maji ya moto hayajawahi kuniudhi.

Safari iliyonifundisha zaidi ya zote ilikuwa ya Muthara. Huko kulikuwa na Mama Karimi, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wafugaji. Msimu uliotangulia kideri kilikuwa kimepita kikamaliza vizimba vyao. Wengine walikuwa wakilipa karo kwa mayai, na waliacha. Walipoanza kufuga tena, Mama Karimi alizunguka boma kwa boma akiwasihi wachanje, na wengi walimwambia chanjo ni maji ya kuwapumbaza wakulima. Hatimaye walikubali, na siku ikapangwa.

Mimi na dereva wangu, Mutwiri, tulilala katika ile ya vioo ya Meru. Nilimweleza wa kaunta kuhusu friza, akaitikia vizuri na kubeba kisanduku yeye mwenyewe. Asubuhi, baada ya kuoga maji ya moto na kula mayai na mkate, nilikwenda jikoni kutazama kichupa. Barafu ilikuwa imejilaza ubavuni.

Nilimuuliza mpishi. Hakushtuka, wala hakuona sababu ya kuficha. “Hiyo huwa tunazima jioni, pamoja na friji, madamu,” alisema. “Stima ni ya tokeni, unalipia kwanza, na inaisha mbio. Usiku nyama imelala, haina haja na baridi. Alfajiri tunawasha.”

Sikumgombeza. Barabara yote ile, kuanzia bucha hadi kioski cha soda, watu huzima friza usiku ili tokeni isogee siku mbili tatu zaidi. Asubuhi nyama bado ni ngumu, mteja ameridhika, na hakuna aliyeumia. Mtu wa zamu ya mchana alikuwa ameniahidi kwa moyo safi, na mtu wa zamu ya usiku alifanya alivyozoea kila usiku. Pale ndipo nilipolikumbuka somo la vibao vizuri kuliko nilivyotaka kulikumbuka.

Nilimpigia Meneja wa Tawi. Stoo ya Meru haikuwa na chanjo nyingine, iliyobaki ilikuwa Embu. “Barafu si bado iko?” aliuliza. Nikamwambia ipo, lakini imelala ubavu. Akaniambia: “Mama, hakuna mtu amejua kama imekufa. Hao wamama wamengoja. Endeleeni.”

Niliogopa, na sioni haya kusema. Chanjo iliyokufa haina alama. Tone linadondoka vile vile, kuku anatikisa kichwa vile vile, mama anarudi nyumbani amefurahi vile vile. Utajua siku kideri kikija, na siku hiyo hakuna mtu Muthara nzima atakayemsikiliza tena Mama Karimi, wala mtu mwingine yeyote mwenye kisanduku cha baridi. Na nikiwarudisha nyumbani bila kuchanja, wale waliosema chanjo ni uongo watapata la kusimulia. Kote kulikuwa na miiba. Mutwiri aliwasha gari akaniuliza tunaenda wapi. Nikamwambia Muthara, jambo kama hili haliambiwi mtu kwa simu.

Tulikuta uwanja umejaa. Akina mama walikuwa wamekaa kando ya maduka, kuku wamefungwa miguu kwa kamba za mgomba, wengine wako vikapuni. Mama Karimi alikuja mbio, amevaa leso yake ya kanisani. Nilimvuta kando nikamweleza. Uso wake ulibadilika nikiutazama.

“Daktari,” alisema, kwa maana wafugaji wote huniita hivyo, “hawa watu niliwatoa nyumbani na mdomo wangu. Ukiondoka na hiyo boksi, ni mimi nabaki nao.”

“Najua, Mama Karimi.”

“Uko na hakika dawa imekufa?”

“Sina. Ndiyo sababu sichanji.”

Aliwatazama wenzake, kisha akanitazama mimi. “Basi waambie wewe. Hivyo hivyo tu, usiongeze sukari.”

Nilisimama mbele yao nikasema kwa Kimeru changu cha Mwembu, kilichowachekesha siku nyingine zote. Siku hiyo hawakucheka. Niliwaambia dawa ililala kwenye joto, kwamba huenda ni nzima na huenda imekufa, na kwamba sitamtilia kuku wa mtu kitu nisichokijua. Niliwaahidi kurudi baada ya kesho. Mwanamume mmoja aliuliza kwa sauti kama sasa hata dawa hulazwa lojingi. Baadhi walifungua kuku wao wakaondoka bila kuniaga. Jirani wa Mama Karimi, aliyekuwa na kuku wengi kuliko wote, alipita mbele yangu akitikisa kichwa. Nilitamani ardhi ipasuke.

Tulishuka hadi Embu, tukachukua chanjo nyingine. Usiku uliofuata sikumwomba mtu ruhusa, nililala Majengo. Bi Zainabu hakuniuliza nilipotelea wapi miezi ile yote. Alipokea kisanduku, akanipa chai ya tangawizi, akaenda na ufunguo wake. Asubuhi barafu ilikuwa imeketi chini ya kichupa kwa heshima zake zote.

Muthara walirudi wengi, lakini si wote. Tulichanja mpaka mikono ikauma, na Mama Karimi akawa anashika kuku wa wengine kabla ya wake. Yule jirani hakuja. Kideri kilifika na baridi ya ukungu. Kuku tuliowachanja walibaki wanachakura, na kizimba cha jirani kikabaki kitupu. Niliumia kwa ajili yake, na bado naumia, maana hakuwa mtu mbaya, alichoka tu kubeba kuku mara mbili. Akina mama walimchangia vifaranga, kila mmoja alichoweza.

Meneja wa Tawi hakunikemea. Alikwenda mwenyewe kulala katika ile ya vioo, akaingia jikoni jioni, akaiona friza ikizimwa mbele ya macho yake. Tukarudishwa Milango ya Kijani. “Lakini hiyo maji moto nitaikumbuka,” aliniambia, na hapo tulikuwa wamoja.

Sasa niko nyumbani, kahawa yangu iko nyuma ya nyumba, na simu yangu hailali. Naulizwa lojingi na mahakimu, wauza vitabu, hata maharusi. Wote nawaambia yale yale: chagua zenye nyumba kila mji unakopita, kalale kwanza katika ile ndogo, ingia jikoni, mjue mshika funguo wa usiku kwa jina. Vioo havijawahi kumtunzia mtu kitu.

Juzi alinipigia afisa aliyechukua nafasi yangu. Alikuwa Muthara, na alikuwa amekasirika. Uwanja ulikuwa umejaa akina mama na hakuna hata mmoja aliyekubali kufungua kikapu. Alikuwa amewaonyesha kitambulisho, amewaonyesha dawa, hawataki. Mama Karimi amesimama mbele ya gari na swali moja tu: jana dawa ililala wapi?

“Ililala wapi?” nikamuuliza.

“Kwa shemeji yangu, kule Nkubu.”

“Na friji ya shemeji ilikesha?”

“Sikuangalia, Mama.”

“Basi geuza gari,” nikamwambia. Alimweleza Mama Karimi, na kabla hajakata simu nilimsikia mama huyo akiwaambia wenzake warudishe kuku nyumbani na waje tena kesho kutwa, Daktari mpya amekwenda kutafuta dawa iliyolala vizuri. Sikusikia hata mmoja akinung'unika.