Pindo la Kanzu Kwenye Jiliwa

Mwezi uliopita, kwa muuza vyuma chakavu wa Sikonge, niliona jiliwa lililofumba taya kwa kutu. Harufu ya karakana ya baba ikanijia puani, grisi na chuma cha moto.

Baba alitengeneza majiliwa ya kubania vyuma kwenye mashine za kutobolea. Aliianza kazi hiyo pale Tabora kabla ya Uhuru, na mafundi wa reli hadi Kigoma walimjua.

Alasiri moja, miaka ya vijiji vya ujamaa, lori lilikuja na vijana kuchukua mashine yake.

"Fundi, inakwenda kijijini," alisema kiongozi wao. "Sasa ni mali yetu sote."

Baba aliingiza pindo la kanzu yake kwenye jiliwa la mashine, akakaza mpaka chuma kikalia, kisha akachomoa mpini na kuurusha dirishani. Nilisikia ukitumbukia kisimani.

"Basi tupakieni pamoja," alisema, akiikumbatia mashine.

Nilikuwa mdogo, nikadhani amenaswa kwa bahati mbaya. Nikapiga kelele, "Jamani, mtoeni baba yangu!"

Kijana mmoja akaazima mkasi kwa fundi cherehani wa jirani, akalikata lile pindo. Nilimshika mkono, nikamwambia kwa furaha, "Ahsante, kaka."

Baba alibaki amesimama na kanzu iliyokatwa, akisikiliza lori lililobeba mashine mpaka mlio wake ukapotea.

"Hilo halina mpini, mama," muuza vyuma wa Sikonge aliniambia. "Halifunguki."

Niliinama hata hivyo, nikachungulia kati ya taya zake, nikitafuta uzi mweupe.